Nilimfuata Mume Wangu Hell's Gate na Kayamba

Kosa ni langu, tuanzie hapo. Si la shetani, si la mama mkwe, na si la ile baiskeli, ingawa kwa muda mrefu niliilaumu. Ni huu mdomo! Wale waliosema ulimi hauna mfupa walikuwa wameniangalia mimi.

Naandika bila jina kwa sababu nimeshatajwa vya kutosha. Mume wangu nitamwita Baba Kui, na hilo si jina lake, kwa hivyo nyinyi wa Free Area hapa Nakuru mnaoanza kuhesabu akina Baba Kui wa plot yenu, tulieni.

Mume sikumpoteza. Yuko hapo sebuleni, anatafuna njugu. Kilichoniponyoka ni maneno yake. Aliacha kuniambia mambo yake, na aki sijaona upweke kama ule, kulala na mtu ambaye kila ukimuuliza "vipi?" anakujibu "niko sawa" halafu anageukia ukuta.

Sasa skizeni.

Baba Kui ni dereva wa lori la maziwa. Maisha yake ilikuwa kiti, usukani na chapati. Tumbo lake lilikuwa linaingia nyumbani kabla yake, na mimi nilikuwa nalipenda. Si nililipika mwenyewe? Basi mwaka jana akaja na baiskeli ya milima, magurudumu yana meno kama ya trekta. Kila Jumamosi asubuhi anaifunga juu ya matatu, anashuka nayo Naivasha.

"Unaenda wapi?"

"Hell's Gate."

Jamani! Mzee wa kanisa, kila Jumamosi, Hell's Gate! Najua ni mbuga ya wanyama, nilisoma hadi darasa la nane. Lakini jaribu kumweleza mama mkwe wa Elburgon kwamba kijana wake mkubwa anashinda kwa lango la jehanamu na yuko sawa kabisa.

Halafu zile suruali. Kama hujawahi kuona suruali ya baiskeli, ni nyeusi, inabana kila mahali, na huko nyuma imeshonewa kigodoro. Nilipoianika mara ya kwanza, jirani akaniuliza kama tumepata mtoto. Nikamwambia ni ya Baba Kui. Hakuuliza tena kitu, na huko kunyamaza kwake ndiko kuliniuma.

Nikamkalisha chini. "Baba Kui, mwanaume wa umri wako anatafuta nini kwa milima?"

"Hewa."

"Hewa ya Nakuru imeisha?"

Akacheka, akavaa helmeti yake nyekundu, huyo akaenda. Na tumbo likaanza kupungua. Sasa wanawake wenzangu, mwanaume akianza kukonda bila kuambiwa, wewe ungefikiria nini?

Siku moja ujumbe ukaingia kwa simu yake akiwa anaoga. Sikuigusa! Ilijiwasha yenyewe, macho yangu yakawa hapo karibu. "Jumamosi usikose, tunapanda mpaka juu. Na ile siri yako iko salama kwangu. Shiru wa Karagita."

Wueh! Shiru! Karagita, huko huko Naivasha! Siri!

Mtu mwenye akili angengoja atoke bafuni amuulize. Mimi nilingoja Jumatano.

Wacha niwaelezee Jumatano, kwa sababu kosa langu limelala hapo. Jumatano akina mama wa kanisa letu hukutana kwa nyumba ya mmoja wetu kuomba. Sisi hatusengenyi. Kusengenya ni dhambi! Sisi tunaleta ombi. Ukisema "fulani anatembea nje", wewe ni mmbea. Lakini ukifunga macho, ukaweka mkono kifuani, ukasema "wapendwa, tumkumbuke fulani, anapitia majaribu ya kutembea nje", wewe ni mwombaji, na chai unaongezewa. Nimekaa kwa hiyo sofa miaka. Najua mimba ya nani ilitangulia harusi, najua kijana wa nani alifukuzwa shule na kwa nini. Wote nimewaombea, na wote nimeenda nao nyumbani nikamsimulia Baba Kui tukila ugali. Alikuwa ananisikiliza tu, hasemi kitu. Ningejua alikuwa anawaza nini!

Basi nikafunga macho. "Wapendwa, mkumbukeni Baba Kui. Amevamiwa na roho ya baiskeli." Nikalia kidogo.

Mama Mercy, mwenyekiti wetu, akauliza polepole, macho yake bado yamefungwa, "Hiyo roho ina jina?"

"Shiru."

"Inakaa wapi?"

"Karagita."

Nyumba nzima ikasema "Yesu!"

Sijafika hata kwangu, mama mkwe akapiga kutoka Elburgon. Ati amesikia kijana wake ana bibi wa pili Naivasha, na mapacha. Mapacha! Mimi sikutaja mapacha, hao walizaliwa njiani. Hapo ndipo ningesema, "Mama, hapana, hata sina hakika." Nilisema nini? Nilisema, "Tuombe tu, mama."

Mama Mercy naye akaona maombi ya mbali hayatoshi. Jumamosi iliyofuata tukajaa kwa gari la kanisa, akina mama wa vitambaa vyeupe kichwani, kayamba, thermos ya chai, tukashuka Naivasha kumtoa mtu Hell's Gate. Pale langoni askari wa mbuga akachungulia dirishani.

"Hii ni kwaya, mathe?"

"Hii ni vita," Mama Mercy akamwambia.

Lazima niseme ukweli, ile mahali ni nzuri mpaka ilinikasirisha. Kuta za mawe mekundu zimesimama huku na huku, juu kabisa ndege wanazunguka, pundamilia wanakula nyasi kando ya barabara kama mbuzi za jirani. Nikawaza, kwa hivyo hapa ndipo anapomleta! Mimi mara ya mwisho nilipelekwa mahali ilikuwa sokoni kuchagua blanketi.

Tukasimamisha jamaa mmoja anayeongoza wageni kwa baiskeli. Nikamuuliza, "Boss, umeona mzee wa helmeti nyekundu?"

"Yule wa Shiru?"

Yule wa Shiru! Mlisikia hivyo?

"Wamechukua njia ya kupanda huko kwa kilima," akasema. "Lakini gari haipiti, mathe. Ni baiskeli ama miguu."

Nikamwomba baiskeli yake, nikamwachia gari zima la akina mama kama rehani. Mama Mercy akaniwekea mkono kichwani, nikafunga sketi fundo, nikapanda.

Sasa, mara ya mwisho nilikuwa nimeendesha baiskeli ni utotoni, ile black mamba ya baba, mguu mmoja umepita chini ya chuma kwa sababu kiti sikifikii. Hii ilikuwa na gia nyingi kuliko lori. Na hiyo njia si njia! Ni mstari mwembamba kwa vumbi laini kama unga, gurudumu linazama, kisha mawe, kisha mizizi, kisha vumbi tena, na matawi ya leleshwa yanakuchapa mashavu. Kupanda kulinitoa ulimi. Kushuka kulinitoa imani. Na wakati huo wote nilikuwa nakariri vile nitamwambia huyo Shiru, nikifika kwa "wewe msichana" napata nguvu ya kukanyaga tena.

Nilikuwa nashuka kabonde kamoja kwa kasi ambayo sikuichagua, ngiri akatoka kichakani na watoto wake, mikia juu. Nikashika breki ya mbele na mikono yote miwili. Baiskeli ikasimama. Mimi sikusimama!

Nililia "Yesu!" kutoka ndani ya leleshwa. Na sauti ikanijibu kutoka juu kidogo.

"Mama Kui?"

Alikuwa amekaa kwa kivuli cha mgunga, viatu ametoa. Na kando yake mwanamke, amemshika mkono! Nikaamka na majani kichwani nikapigane. Nikafika karibu, ule mkono wangu wa kupiga ukashuka wenyewe. Huyo Shiru alikuwa mama mzee, nywele nyeupe kabisa, suruali ya kigodoro kama ya mume wangu, miwani imefungwa na uzi. Alikuwa anamdunga kidole. Kwa paja lake kulikuwa na kile kimashine cha kupima sukari.

"Leo imeshuka vizuri," alikuwa anamwambia. Kisha akaniangalia. "Wewe ndio bibi yake? Pole. Siku nyingine hiyo breki ya mbele usiishike peke yake."

Nikamgeukia Baba Kui. "Sukari? Una sukari? Tangu lini?"

"Tangu kabla ya baiskeli. Daktari ndiye alisema nisonge. Shiru tulikutana kwa foleni ya kliniki."

"Na mimi nakuwekea vijiko vitatu kwa chai kila asubuhi!"

"Nilikuwa namwagia lile ua la dirishani."

Ngai! Na vile nililaumu jirani kuwa ndiye ameliangalia kwa jicho baya likakauka!

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa nalia sasa, kulia kwa kweli, si kule kwa Jumatano. "Mimi bibi yako?"

Na kabla ajibu, tukasikia kayamba. Walikuwa wamenifuata kwa miguu, vitambaa vyeupe vinapanda kilima katikati ya leleshwa, wimbo umekatika pumzi lakini haujaacha. Mama Mercy mbele, viatu mkononi. Alipoona mwanamke na mume wangu chini ya mti hakungoja maelezo. "Shiru, achilia! Achilia mzee wa kanisa!" Akamnyooshea mkono nyanya wa watu, aliyeshika kipande cha pamba.

Baba Kui hakupaza sauti. Angepaza ningepumua. Alivaa kiatu kimoja, akavaa kingine, akaniangalia.

"Unauliza kwa nini," akasema, akaelekeza kidevu kwa wale akina mama. "Ningekuambia Jumatatu, Jumatano ningekuwa ombi."

Akapanda baiskeli akashuka. Shiru akamfuata.

Mimi nilisukuma ile ya kuazima kwa mkono mpaka barabarani. Akina mama walikuwa wananipigapiga mgongo, wanasema Mungu ni mwema, angalau si mwanamke. Hata chai sikunywa.

Mnataka kujua ilinigharimu nini? Jumapili ile ile kanisa zima lilijua sukari yake. Baada ya ibada mtu akamtoa mandazi mkononi, mbele ya watoto. Mmoja akamletea mwarobaini, mwingine magome ya mti ambao hata yeye hakuujua jina. Tajiri wake, mwenye lori, naye akasikia, akamshusha kwa lori, Baba Kui akakaa nyumbani kama mgonjwa mpaka daktari alipothibitisha kwamba anaweza kuendesha. Hicho ndicho kitu alikuwa anaogopa! Ndicho alikuwa anaficha! Uzee wa kanisa akauacha bila kugombana na mtu. Mama mkwe bado huuliza mapacha wanaendelea aje.

Nilimwomba msamaha nimepiga magoti jikoni. Akasema amenisamehe, na najua ni kweli, yeye si mtu wa kinyongo. Lakini kusamehewa ni kitu kimoja, na kuambiwa mambo ni kitu kingine. Niliona ile tofauti kila jioni. "Kazi ilikuwaje?" "Sawa." "Daktari alisema?" "Sawa." Nilipika mboga za kienyeji za kila aina, nikaficha sukari hata yangu, na jibu lilikuwa lile lile.

Nilienda Karagita mwenyewe kumwomba Shiru msamaha. Alinicheka mpaka akatoa miwani akaipangusa. Kisha akaniambia, "Panda nyuma yake. Na usiongee. Kilima hakitaki mdomo, kinataka pumzi."

Basi sasa mimi pia nina suruali ya kigodoro. Naivaa chini ya sketi, na jirani yuko huru kuuliza. Jumamosi nyingi nimekula vumbi la Baba Kui kimya, nimeanguka kimya, nimepita nyati kimya, huyo hata ungekuwa bubu ungepiga kelele! Na Jumatano wakiniuliza kama nina ombi nasema sina. Mama Mercy amekuwa na wasiwasi sana. Nasikia wiki iliyopita niliombewa, nimevamiwa na roho ya kunyamaza.

Wapendwa, na nyinyi wanaume msijifanye, grupu zenu za WhatsApp tunazijua. Mtu wako akikupa neno lake, ama ukiliokota kwa simu yake kama mimi, kaa nalo. Muulize yeye kwanza! Ukitaka kumwambia Mungu, mwambie ukiwa peke yako. Anasikia hata bila kayamba.

Jumamosi iliyopita tulifika juu kabisa, mahali ambapo Mlima Longonot unaonekana wote na mvuke unapanda kutoka ardhini huko chini. Kwa kawaida mimi hufika nikamkuta ameshaanza kushuka. Safari hii alikuwa amelaza baiskeli, amekaa kwa jiwe, ameniachia nafasi. Nikakaa. Akakohoa, akaniambia jambo moja, la zamani, zito, ambalo hajawahi kumwambia mtu, hata Shiru. Aliongea mpaka chai yetu ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, ikapoa. Nilimshika mkono tu.

Habari ya sukari aliniruhusu kuandika, nilimuuliza. Hii nyingine sikumuuliza. Najua mnangoja, na Mama Mercy ameshanipigia simu mara mbili. Siwaambii.