Masizi Kwenye Chemchemi

Tulikuwa watatu pale chemchemini: mimi, dada yangu, na bibi mzaa mama. Sisi watoto tulichovya sufuria yenye masizi, maji yakawa meusi. Bibi hakutupiga. Alituchotesha yote kwa kibuyu, tukayamwaga migombani mpaka chemchemi ikatakata, mikono imekufa ganzi.

“Huko chini kuna wanaokunywa,” alisema.

Nakumbuka kwa sababu leo ndoo yangu inanuka dawa ya nyanya. Mwanangu, baba mzima wa watoto, kaoshea bomba la kupulizia dawa mferejini ninapochota, upande wa juu wa nyumba yangu, wakati shamba la kuoshea analo!

“Mama, si maji yanatembea?”

“Yanatembea kwenda wapi, kama si kwenye ndoo yangu?”

Masizi tuliyachota yakaisha. Hii dawa niichote kwa kibuyu gani?

Kama tulichochovya siku ile kilikuwa chungu, wala si sufuria, nisahihisheni. Lakini asiniambie mtu kwamba maji yanatembea.