Mama Geti Aipima Safari ya Mumewe

Mtaa mzima humwita Mama Geti, hata watoto wasiojua kwamba ana jina jingine. Karakana yake ni banda la mabati lenye sakafu nyeusi kwa vumbi la chuma. Hapo hutengeneza mageti, grili za madirisha na milango ya maduka. Akiwa kazini huvaa suruali ya mumewe aliyoikunja miguuni, na kitambaa chake cha kichwa kimejaa matundu madogo ya cheche.

Hakuanza kama fundi. Karakana ilikuwa ya mumewe, yeye akipokea wateja na kupaka rangi. Miaka minne iliyopita mume alipata mkataba wa kuchomelea meli katika nchi ya mbali, akaondoka. Haukupita muda akaja mteja aliyekwisha kulipia nusu ya geti. Kumrudishia fedha hakukuwezekana, kwa kuwa zilikuwa zimepanda ndege pamoja na mume. Mama Geti akawasha mashine. Geti lile lilitoka fupi, likaacha pengo la kupita paka bila kuinama. Alikuwa amepima vipande vyote sawasawa, akasahau kwamba jiwe la kukatia nalo hula chuma kila linapopita. Akalitengeneza upya kwa gharama yake. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchora chaki, huanza kwa kutoa kile kitakacholiwa na jiwe.

Mwaka huu mkataba wa mume ukafika mwisho. Mwajiri akamtaka aongeze miaka mitatu, na jibu alilitaka kabla ya Jumatatu. Mume akasema watu wa nyumbani ndio waamue, mama yake akiwa mbele. Mama Geti alitaka arudi. Lakini alijua kwamba kusema "nimemkumbuka" hakutatosha mbele ya mama mkwe anayekunywa dawa za presha kila siku. Akaona apime kwanza.

Alianzia kwa Kipara, fundi wa barabara ya pili, ambaye hupokea kazi zote zinazomzidi Mama Geti.

"Fundi, niambie kweli. Kazi zangu ulizochukua mwezi uliopita zimekuachia nini?"

Kipara akavua miwani. "Shemeji, siku hizi umeajiriwa na watu wa kodi?"

"Nauliza tu."

"Milango ya zahanati, na grili za yule mama mwenye ghorofa. Nikitoa vyuma, umeme na vibarua, laki tisa. Mwezi wa kabla yake hivyo hivyo." Akacheka. "Mumeo akae huko huko, tafadhali! Wewe ukimwambia mteja 'sina mtu', mimi huku nasikia 'karibu chakula'."

Kipara hupenda kujisifu, lakini ukuta mpya wa nyumba yake ulikuwa shahidi.

Jumapili mchana wakakutana sebuleni kwa mama mkwe. Wifi, dada wa mume, alikuwepo. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, mume akisikiliza.

"Kuna hesabu gani hapa?" wifi akaanza. "Kaka anatuma laki sita kila mwezi. Alipokuwa hapa alipata mbili, tena kwa kujikamua. Hata mtoto wa chekechea anajua ipi kubwa. Au wifi unaona baridi kitandani?"

Mama mkwe akakohoa kuficha kicheko.

"Baridi naiona, wifi yangu, wala sioni haya. Lakini haiingii kwenye hesabu. Hizo laki mbili ni za mwaka alioondoka. Siku hizo huku kulikuwa na mashamba. Leo kila kiwanja kinataka geti."

"Kwa hiyo safari ilikuwa hasara?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, Mama. Mwaka wa kwanza ulikwenda kulipa wakala aliyempatia kazi. Mitatu iliyofuata imeleta paa, shule na dawa. Na mimi nimekuwa fundi. Angekuwepo, mpaka leo ningekuwa napaka rangi."

"Na hilo unalihesabu?" wifi akashangaa.

"Hilo linashinda paa. Safari imelipa, tena vizuri. Lakini miaka mitatu ijayo ni safari nyingine, ipimwe peke yake. Huko ni laki sita. Hapa, kazi ninazomwachia Kipara ni laki tisa. Zote hazitarudi, wapo waliokwisha kumzoea. Tuseme saba."

"Haba na haba hujaza kibaba," mama mkwe akasema. "Sita za uhakika zatosha."

"Ni kweli, Mama, ila kibaba kinachojaa ni cha Kipara."

Mama mkwe hakucheka. "Mwezi wa mvua nani anajenga? Fedha ya mwanangu huja mvua inyeshe, isinyeshe. Dawa zangu hazijui masika."

Ndipo sauti ya mume ikatoka kwenye simu.

"Mama, masika yaliyopita huku mishahara ilichelewa. Sikutuma kitu miezi miwili."

"Uongo huo. Dawa nilikunywa."

"Ulikunywa za karakana."

Mama mkwe akamgeukia Mama Geti. "Wewe uliniambia zimetoka kwake."

"Na karakana ni ya nani, Mama?"

Wifi akapiga makofi. "Yarabi! Kumbe tulikuwa tunamwombea dua asiyehusika!"

"Nyamaza wewe," mama mkwe akasema, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko. Akaivuta simu karibu. "Mwanangu, unanisikia? Usisaini. Rudi ushike kazi, mkeo amezidiwa."

Mume akatuma jibu kwa mwajiri jioni ile ile.

Asubuhi yake karakanani akaja mkandarasi wa jengo la maduka akitafuta mtu wa kumtengenezea milango yote.

"Najua mtaniambia mmejaa," akasema. "Nielekezeni tu kwa yule mwenye kipara."

"Unaitaka lini?" Mama Geti akauliza.

"Baada ya miezi miwili."

"Wakati huo tutakuwa wawili. Twende nikaone hilo jengo."

Akafunga mlango wa banda, wakafuatana.