Dufie na Malori Yaliyokosa Honi

Dufie Sarpong alitimiza miaka thelathini na minane mwaka alioajiriwa kutengeneza gemu za simu pale Kumasi. Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo kwenye gereji za Suame, na kuandika programu alijifundisha mwenyewe, kila Jumapili akitoka kanisani. Wenzake ofisini walikuwa vijana wa chuo. Walimwita Maame, yaani mama.

Walikuwa wakiunda gemu ya mbio za malori. Kila lori lilikuwa na viungo vyake: cha mwendo, cha breki, cha sauti. Msimbo wa programu ukikitafuta kiungo ukakikosa, gemu inazimika. Zikiwa zimebaki siku nne waikabidhi kwa mteja, ikawa inazimika ovyo.

Yaw Boakye, kiongozi wao, akapata dawa. Msimbo uulize kwanza kama kiungo kipo. Kama hakipo, upite kimya.

"Unauliza mara ngapi?" Dufie akataka kujua.

"Mara sitini kwa sekunde."

"Kwa malori mia mbili? Simu za bei rahisi zitakwama."

"Maame, acha kutafuta mchawi. Si haizimiki tena?"

"Haizimiki, ila honi hazilii. Umemziba mgonjwa mdomo, kaka, hujamtibu."

Vijana wakacheka, Yaw akanuna. Dufie hakuendelea kubishana. Kwa siku mbili hata waakye yake, wali wa maharage, aliila mezani pake pa kazi, macho kwenye kioo cha kompyuta. Aliandika msimbo unaouliza mara moja tu, lori linapoingia mchezoni: kiungo kikiwepo, unakishika usiulize tena; kisipokuwepo, unalitaja lori kwa jina na mahali lilipo. Akaandika na mwingine wa kukagua gemu nzima kabla haijafungashwa.

Ukaguzi ulichukua sekunde kumi na moja. Ulikuta malori arobaini na saba hayana kiungo cha sauti, yote yamenakiliwa kutoka lori moja.

"Nani alilichezea hili?" Yaw akauliza.

Dufie alishafungua kumbukumbu za mabadiliko, na jina la aliyelibadili lori lile alikuwa ameliona. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi," akasema. "Mwezi wa pili, nilipokuwa nasafisha mafaili. Nilifuta nisichokijua."

Yaw akavuta kiti, akaketi kando yake.

"Haya, nionyeshe hapo unapouliza mara moja. Polepole, mstari kwa mstari."

Wakarudisha viungo vya sauti vilivyofutwa, na Ijumaa gemu ikakabidhiwa, honi zote zikilia.