Godoro la Dada Mwanaidi

Juzi, pale Nguvumali, niliwaona wasichana wa kidato cha pili wakiingia shuleni na magodoro kichwani, wanakwenda kambi ya mtihani. Nilisimama mpaka wa mwisho akaingia.

Sikuwa nimeanza shule alasiri ile mama alipolitoa nje godoro la dada Mwanaidi, likinuka mafuta ya nazi na moshi wa vifuu. Mtaani kwetu nilikuwa nimeona magodoro yakitoka na maharusi tu, basi nikapiga kigelegele.

"Nyamaza wewe! Dada yako anakwenda kusoma."

"Na bwana harusi yuko wapi?"

Dada alicheka. Mama hakucheka.

"Usitoke huko kambini hata Ijumaa," alimwambia dada. "Ukifeli mtihani huu wa kidato cha pili ukarudia mwaka, baba yako mkubwa hatanisikiliza tena."

Sikujua kwamba baba mkubwa alikuwa ameshapokea posa ya dada, na mama alikuwa amemsihi asubiri dada amalize kidato cha nne, bila kuongeza hata mwaka mmoja.

Mama alijitwisha godoro mwenyewe. Aliporudi magharibi, alijilaza kwenye kamba tupu za kitanda cha dada, macho wazi. Nilidhani ni mzigo wa godoro tu uliomchosha.