Mfupa wa Upande wa Baba

Nilivunjika mara ya kwanza nikiwa na wiki saba. Mama alikuwa ananibadilisha nepi, akaniinua miguu kama mama yeyote anavyomwinua mtoto, akasikia kitu kinaachia ndani ya paja langu. Anasema hakikuwa kishindo, kilikuwa kama kijiti kikavu kinachokatika chini ya majani. Zahanati wakamuuliza ni nani amempiga mtoto. Nyumbani kwa wakwe zake, kijijini juu ya Iringa, hawakumuuliza kitu, maana walishajijibu wenyewe. Bibi mzaa baba alisema ukoo wao haujapata kuwa na mifupa ya namna hiyo. Huenda mama alimwangusha mtoto akaficha, au maziwa yake ni mepesi. Wiki ile ile walianza kunipa uji.

Nilipovunjika mara ya nne nilikuwa na mwaka na nusu. Mama akafunga nguo zake kwenye kitenge, akanibeba, akarudi kwao Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga.

"Sikufukuzwa," huwa anasema. "Ila hakuna aliyesema baki."

Nilikua nikivunjika. Nilivunjika nikikimbia, nikianguka kitandani, siku moja nikipiga chafya. Majirani walijifunza kunisalimia bila kunishika mkono. Nilipofika kama miaka kumi na sita mifupa ikatulia yenyewe, nami nikatafuta kazi ya kukaa. Nikawa fundi simu Igawa, kando ya barabara kuu, mahali malori yanaposimama na madereva wanapogundua kuwa simu haiingii chaji. Kazi hiyo inanifaa. Vidole vyangu ni laini kuliko vya watu wengine. Kidole gumba naweza kukilaza hadi kikagusa mkono juu ya kifundo. Wateja wakiona huwa wanageuza uso.

Mwaka ambao binti yetu alizaliwa, niliinua jenereta la jirani nikavunjika kifundo cha mkono. Sikuwa nimevunjika kwa miaka mingi, hata nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba nimepona. Mke wangu akanipeleka hospitali Mbeya. Daktari wa mifupa alitazama picha, kisha akaacha picha akanitazama mimi.

"Weupe wa macho yako una bluu kwa mbali," akasema. "Umezaliwa nao?"

"Watu husema ni mwanga wa simu, daktari."

Hakucheka. Aliniandikia karatasi akanielekeza chumba cha mwisho cha korido. Mle alikuwemo daktari mmoja, dada wa makamo yangu, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakitafuta familia ambazo mifupa huvunjika kwa urithi, pamoja na zile ambazo viungo vyao vimelegea kupita kawaida. Hakuanza na sindano. Alianza na karatasi nyeupe na penseli. Akachora duara kwa mwanamke na mraba kwa mwanaume, akaniuliza kuhusu kila mtu: nani alivunjika, nani alikufa mchanga, nani alizibwa masikio kabla ya uzee. Upande wa mama ukajaa hadi kwa mabibi, wote mifupa yao mizima. Upande wa baba ukabaki na mraba mmoja.

"Huyu vipi?" akauliza.

"Simjui vizuri. Ila hasikii. Alianza kutosikia akiwa bado kijana."

Akaandika hilo, akalipigia mstari chini.

Kisha akanieleza. Alisema mfupa ni kama nyumba ya miti na udongo. Watu hudhani nguvu iko kwenye udongo, yaani chokaa, ndiyo maana huwaambia watoto kama mimi wanywe maziwa. Kumbe ndani ya udongo kuna fito zinazoushika, na fito hizo kwenye mwili huitwa kolajeni. Zimo kwenye mifupa, kwenye viungo, kwenye weupe wa macho, hata kwenye vifupa vidogo vya sikio. "Wewe fito zako ni chache," akasema. "Udongo wako hauna kosa." Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na minne ndani ya mwili huu, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza habari zake kwa kitu ambacho nimekijenga kwa mikono yangu.

Nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa rohoni tangu nilipoingia. Binti yangu alikuwa na miezi minne.

"Ni nusu kwa nusu," akasema. "Tutampima. Lakini ili tujue tunatafuta nini, na imetoka wapi, nahitaji damu ya wazazi wako wote wawili."

Mama alikuja kutoka Ubaruku kesho yake kabisa. Alikunja mkono wa gauni kabla hajaambiwa akae. "Chukueni mnayotaka," akamwambia daktari. "Mimi nimengoja kupimwa siku nyingi."

Ikabaki damu ya baba.

Baba nilikuwa nimemwona mara tatu maishani, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwenye msiba wa bibi. Kwenye harusi yangu hakuja, alituma magunia mawili ya viazi. Nilishuka kwenye basi asubuhi, stendi ya Ipogolo pale Iringa, nikapanda mlimani, na kufika kwake jua limeshakuwa kali. Mke aliyemwoa baada ya mama alikuwa shambani. Yeye alikuwa amekaa nje akichagua mbegu za viazi, kubwa upande huu, ndogo upande ule. Nikamwamkia kwa lugha ya kwao: "Kamwene, baba." Hakusikia. Nilipoingia mbele ya macho yake aliinuka haraka, akaangusha debe.

Mazungumzo hayakuwezekana. Nilijaribu kupaza sauti, nikaona watu wa nyumba ya pili wanachungulia, nikanyamaza. Nikatoa daftari langu la kuandikia simu za wateja, nikamwandikia kila kitu: daktari, nyumba ya fito, binti yangu, damu. Ukurasa mzima. Akavaa miwani akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Nikakitazama kidole gumba chake kilivyopinda kwa nyuma kikishika lile daftari, na nikajua kabla hajafungua mdomo.

Akavua kiatu, akakunja suruali. Ugoko wake ulikuwa umepinda kama upinde.

"Hapa mara mbili," akasema. "Na mkono huu mara moja. Kabla sijapata kipaimara."

Alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiojisikia. Yeye ni mzee wa kanisa, na siri aliyoitunza maisha yake yote sasa ilisikika hadi kwa majirani, naye hakujua.

"Mama alinikataza kusema. Alisema nani atanipa binti yake."

Nikaandika: Mama yangu alijua?

"Hapana."

Nikaandika: Siku aliyoondoka na mimi, ulikuwa wapi?

Alilisoma swali hilo muda mrefu kuliko ukurasa wote wa kwanza. Kisha akaonyesha kizingiti cha nyumba.

"Nilikaa pale. Wakati ule masikio yangu yalikuwa mazima. Nilisikia yote."

Nikafunga daftari. Nikaondoka nikatembea hadi mwisho wa shamba lake, nikasimama kati ya matuta. Njiani nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza mtu mkaidi. Sikuwa nimejiandaa kukutana na mtu aliyekuwa anajua. Ningeweza kushuka mlima jioni ile na nisirudi tena, na nadhani hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilimfikiria mtoto wangu amelazwa juu ya mto wa kulalia kule Igawa, mke wangu akiogopa hata kumwogesha, nikaona hasira ingeweza kungoja. Niliporudi, mkewe alikuwa ameshatoka shambani, ananimiminia togwa. Baba alikuwa ndani akipiga pasi koti la kanisani.

"Kesho twende," akasema.

Mama alikuwepo hospitali tulipofika. Sikuwa nimemwomba aje, alisema tu kwamba na yeye anataka kuwapo. Alikuwa kwenye benchi la korido, kati ya watu wengine wengi. Alipotuona akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Baba akakaa. Hawakuwa wamekaa benchi moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Yeye akaweka kofia magotini, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama yake," akasema, na korido nzima ikageuka. "Ilikuwa upande wangu."

Mama akainama karibu na sikio lake.

"Sema tena."

"Ilikuwa upande wangu. Haukuwa wewe."

"Haya," mama akasema. "Nimesikia."

Hakulia, wala hakumshika mkono. Alifungua chupa ya chai aliyokuja nayo, akamimina kikombe kimoja akanipa mimi, akamimina cha pili, akakishika muda kidogo, akampa yeye. Wakakaa hivyo hadi walipoitwa.

Majibu yalichukua miezi. Damu ilisafiri mbali, na mara mbili daktari alinipigia simu kuniambia tu kwamba bado. Yalipokuja, yalisema lile ambalo ugoko wa baba ulishasema: kasoro ilitoka kwake ikaja kwangu. Na ilikuwa imefika kwa binti yangu. Mke wangu akalia pale pale ofisini, si kwa muda mrefu. Akapangusa uso akauliza, "Sasa nimbebeje?" Daktari akachukua mdoli akatuonyesha. Kiganja kimoja chini ya makalio, kingine nyuma ya shingo na mabega. Usimvute mikono. Nepi usiinue miguu, mviringishe ubavu. Akatuandikia barua ya kubeba kila tuendako, akatueleza kuhusu dripu ya kuimarisha mifupa ambayo huenda ikahitajika akianza kuvunjika mara kwa mara. Akasema wazi kwamba haiponyi. Mama, ambaye alikuwa amekuja nasi, alimkatiza ili ajaribu yeye na yule mdoli.

Binti sasa ana miaka miwili. Amevunjika mara moja, mkono, na ukaunga. Anatembea, ananiibia bisibisi, anapenda kupanda juu ya viti, na kila siku nampima kwa macho: nimkataze au nimwache. Siku nyingi namwacha.

Kazi ya daktari haikuishia kwetu. Alihitaji ukoo mzima wa baba, na baba ndiye anayemzungusha. Huvaa lile koti, huenda mbele yake nyumba kwa nyumba kule mlimani, hupiga hodi, hukunja suruali hata kabla ya kukaribishwa kiti. Sauti yake, daktari ananiambia, inafika kabla yao. Wamempata mpwa wake asiyesikia, na msichana mmoja wa darasa la tano aliyekuwa ameachishwa shule kwa sababu anavunjika. Wapo wanaofunga mlango. Wiki iliyopita shangazi yangu mmoja, dada yake baba, aliwaambia wao hawana ugonjwa huo, na akaanza kufagia uwanja wakiwa bado wamesimama. Baba alimsubiri amalize kufagia.