Matanga ya Mama Ndani ya Ukumbi wa Sanaa

Simpendi mtu aliyegeuza ghala la zamani la mkonge, hapa nyuma ya nyumba yetu Kilosa, kuwa ukumbi wa sanaa, wala sina nia ya kujifunza kumpenda. Kuta za ndani ni mbao zenye magurudumu. Zikisukumwa, darasa linakuwa jukwaa. Maonyesho yake ya kwanza yalihusu watu kuwa pamoja: mikeka mitupu iliyotandikwa sakafuni, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Watalii wanaopitia Mikumi waliizunguka kwa heshima.

Tuliporudi kutoka kumzika mama, mvua ilikuwa imejaza uwanja wetu maji na turubai limelala chini. Nikaenda kumwomba mwenye ukumbi asogeze kuta, waombolezaji wapate pa kukaa.

"Pole sana, kaka. Lakini msiba utaharibu dhana ya kazi."

Nimesoma chuo kikuu, dhana nazijua. Nilikuwa bado natafuta jibu la adabu alipoingia mtani wa mama, bibi kutoka Msowero, wa ukoo ambao kwa desturi huja misibani kwetu kututukana ili tusizame katika kilio. Alisukuma ukuta kwa makalio, akaketi juu ya mkeka wa maonyesho, miguu imejaa tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, yatima mzee. Mama yako alikuwa mchoyo huyo! Chai ananikaribisha, sukari kaificha uvunguni. Leo sibanduki hapa mpaka nioneshwe ilipo!"

Akina mama waliomfuata walicheka huku wakilia. Babu yangu aliletwa huku kukata mkonge, na maisha yangu yote nimeulizwa kwetu hasa ni wapi. Wakati ule, nikitukaniwa mama yangu, sikuwa na shaka.

Kisha nikaona mwenye ukumbi ameinua simu.

"Hiki ndicho nilichokikosa! Bibi, rudia pale pa sukari, utazame huku."

Bibi alinigeukia. Akaniuliza, "Huyu naye kafiwa?"

"Hapana."

"Sasa namtania kwa lipi?"

Akajikongoja kusimama, akatoka mvuani, na wote wakamfuata. Tulibanana barazani kwetu; wengi waliondoka kabla chakula hakijaiva. Utani haukurudi. Bibi alilia tu, kama wageni wengine, na mama yangu akasifiwa hadi jioni kama mtu ambaye hakuna aliyemjua.