Mifuko Minne ya Chumvi na Pikipiki ya Bernadine

Bernadine Wojtas aliendesha basi la shule katika mji wetu wa Michigan kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtoto aliyemzomea akashuka bila kuomba radhi. Alipostaafu, magoti yake nayo yakastaafu. Daktari akamkataza kupiga magoti, hata kanisani. Kanisani alitii wiki hiyohiyo, kwa furaha isiyofichika. Taabu ilikuwa gerejini, maana pikipiki yake, jitu jekundu la safari ndefu la mwaka 1983, haikuwahi kutengenezwa ila kwa kupigiwa magoti.

Norb, kaka wa mumewe, alikuwa akiimezea mate pikipiki hiyo tangu ikiwa mpya. Siku ya Krismasi, pirogi, andazi la Kipolandi la kuchemshwa, ikiwa bado shavuni, akasema, "Shemeji, niuzie tu. Wewe sasa ni mtu wa kufuma soksi."

Bernadine akajibu mbele ya ukoo mzima, "Jumapili ya kubariki pikipiki nisipofika kanisani nikiwa juu yake, ichukue."

Jumapili hiyo ni ya kwanza ya Mei. Padri Stan huchovya ufagio kwenye ndoo na kuzirushia pikipiki mia mbili maji ya baraka, na wanaume ambao misa waliiona mara ya mwisho wakiwa wanabatizwa hupanga foleni kwa adabu ya malaika. Kuikosa ni sawa na kufa, ila ukifa watu huleta chakula.

Januari Bernadine akaagiza meza ya kunyanyulia pikipiki, ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwepo. Ilikuja na maelezo ya picha tupu: mtu anatabasamu, hana hata spana. Bernadine akakanyaga pedali, meza ikapanda ikiguna kama mzee anayetoka kwenye sofa. Ikamfika kifuani. Akakaa kwenye kigoda cha fundi chenye magurudumu, akazunguka meza nzima mara tatu bila kukunja goti. Mimi jirani yake nilimsikia akicheka kutoka upande wa pili wa uzio.

Kisha akaipandisha pikipiki. Gurudumu la nyuma likabaki hewani, nje ya meza. Jiriwa ya mbele, ya kubana tairi, ilikuwa na chuma chembamba kama kopo la maharage.

Mtu mwingine angerudisha meza dukani. Bernadine alivaa miwani ya kuchomelea. Akang'oa jiriwa, akaweka kishikio alichokiunda kwa vyuma vya kiti cha basi. Akarefusha meza kwa nyuma kwa vyuma vya pembe na mbao nene, akakata pengo ili gurudumu lishuke bila kunyanyua kitu. Akaongeza mabawa ya kukanyagia pembeni. Machi ilipokwisha, meza ilikuwa kama ndege iliyokatazwa kuruka.

Dosari ilikuwa moja: uzito ulihamia nyuma, miguu ya mbele ikaanza kuinuka sakafuni. Mhandisi angeifunga kwa bolti. Lakini kwetu sote tunakunywa maji ya kisima yenye chokaa na kutu, na kila nyumba ina tangi la kuyalainisha na mifuko ya chumvi ya kulilisha, ratili arobaini kila mmoja. Akapanga minne mbele. Meza ikatulia.

Jumamosi, siku moja kabla ya baraka, tairi jipya la nyuma tu ndilo lililobaki. Norb akafika, trela tayari nyuma ya gari.

"Nimewahi, shemeji. Sitaki kukusumbua kesho."

"Kaa pembeni, usile kitu."

Pikipiki ilikuwa juu, mikanda imekazwa. Bernadine akasukuma gurudumu mahali pake kwa nguvu zake zote, na meza ikainua pua. Akaidaka kwa bega.

"Clete! Chumvi iko wapi?"

Mumewe akachungulia kutoka ngazi za chumba cha chini ya nyumba. "Maji yalianza kunuka kutu. Nimeshaimwaga kwenye tangi."

"Yote minne?"

"Ilikuwa imekaa tu, mke wangu."

Clete mwenyewe ni mwembamba kiasi kwamba upepo humbeba hadi kwenye sanduku la barua. Bernadine akamgeukia shemeji yake.

"Norb, panda mbele."

"Kwa nini mimi?"

"Una ratili ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Mia mbili na sitini," Clete akasema.

"Ikianguka," Bernadine akasema, bega bado chini ya meza, "kesho unapakia vipande."

Norb akaitazama pikipiki aliyoitamani miaka arobaini. Akapanda mbele ya meza, akakaa palipokuwa na chumvi. Pua ikashuka.

Alikaa hivyo dakika hamsini, mikono magotini kama bwana harusi. Kila alipotikisika, meza iliguna na Bernadine akamwambia, "Tulia, chumvi." Ekseli ikaingia, cheni ikavutwa, nati zikakazwa, breki zikajaribiwa mara mbili.

Akafungulia haidroliki, meza ikashuka hadi sakafuni. Akaiwasha pikipiki. Ikakohoa mara moja, ikanguruma, vioo vya dirisha vikaitikia. Akairudisha nyuma taratibu, akavaa kofia.

"Naweza kushuka sasa?" Norb akauliza.

Bernadine alikuwa ameshafika barabarani.

"Mimi ningesubiri aniambie mwenyewe," Clete akasema, akaenda kufunga bomba la tangi.